Dawa Inapoteleza Juu ya Jani: Kutafuta Kosa Kuanzia Kwenye Tone

Mkulima wa kabeji anaporudi dukani akilalamika kwamba dawa aliyouziwa wiki iliyopita haikuua hata kiwavi mmoja, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye chupa: dawa ni ghushi, imepitwa na wakati, au wadudu wameizoea. Yote hayo hutokea. Hata hivyo, kabla ya kununua chupa nyingine, au kuongeza kipimo, jambo ambalo ni hatari zaidi, liko swali ambalo halina budi kujibiwa kwanza: baada ya kutoka kwenye nozeli, dawa ilifika wapi? Katika mashamba ya Bahati, Molo na Njoro, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ambako kabeji, minji, vitunguu na ngano hulimwa kwa wingi, mara nyingi jibu ni kwamba iliishia kwenye udongo.

Mwongozo huu unahusu hatua hiyo moja tu, yaani kukutana kwa tone na jani, pamoja na kazi ya safaktanti katika kukutana huko. Safaktanti ndicho kiungo cha kuchanganywa na dawa ya kunyunyizia ambacho katika maduka mengi ya agroveti huitwa stika, ingawa jina hilo limebebeshwa mzigo usio wake. Stika halisi hugandisha dawa kwenye jani ili isioshwe. Kisambazaji hulitandaza tone. Kipenyezi huisaidia dawa kuvuka nta na kuingia ndani. Nayo mafuta ya kuchanganyia dawa huilainisha nta yenyewe. Bidhaa moja inaweza kufanya kazi mbili kati ya hizo, lakini ni nadra ifanye zote, na makosa mengi yatakayoelezwa hapa yanaanzia pale mtu anapoomba "stika" na kupewa yoyote iliyo karibu na mkono wa muuzaji.

Jaribio la kufanya kabla ya kulaumu dawa

Chuma majani mawili ya mmea unaotaka kuunyunyizia, yawe machanga na yasiwe na umande. Sugua nusu ya jani la kwanza kwa kidole gumba mpaka ule weupe wa kibuluu ufutike na kijani kilichokoza kionekane. Kwa sirinji ya dukani isiyo na sindano, weka tone la maji matupu kwenye nusu iliyosuguliwa na jingine kwenye nusu ambayo haijaguswa. Kwenye jani la kabeji tofauti huonekana papo hapo: upande ulioguswa tone linatulia na kutanuka kidogo, na upande mwingine linasimama kama shanga, likimeta kwa chini kana kwamba limelala juu ya kioo, na ukiliinamisha jani kidogo tu linabingirika. Anayetaka kuliona jambo hili katika ukamilifu wake aende kwenye kishamba cha nduma kando ya mto, amwage maji kwenye jani, kisha atafute sehemu iliyolowa.

Kidole gumba kimeondoa nta. Jani limefunikwa na utando wa nje uliojaa nta, na katika mimea kama kabeji, sukuma wiki, minji, vitunguu na ngano, nta hiyo huchomoza juu ya uso katika chembe ndogo mno, nyingine kama vijiti na nyingine kama magamba. Tone linapotua hulala juu ya ncha za chembe hizo huku hewa ikibaki chini yake, hivyo linaligusa jani kwa sehemu ndogo sana. Wataalamu hupima jambo hili kwa pembe ya mguso, yaani pembe ambayo ukingo wa tone unafanya na uso wa jani. Pembe ikiwa ndogo, tone limetandaa. Ikizidi digrii 90, jani linayakataa maji. Na kwenye kabeji changa pembe hiyo huzidi digrii 130. Jani la maharagwe, kwa upande mwingine, hulowa kwa urahisi zaidi, na ndiyo sababu mtu anaweza kunyunyizia maharagwe miaka mingi bila kiungo chochote cha ziada, kisha akashangaa anapohamia kabeji na pampu ileile.

Nusu ya tatizo iko kwenye nta. Nusu nyingine iko kwenye maji. Molekuli za maji huvutana zenyewe kwa nguvu, na zile zilizo juu ya uso hukazana kama ngozi. Mvutano huo wa uso, kwa maji safi katika nyuzijoto 20 za Selsiasi, ni takriban milinewtoni 73 kwa mita. Molekuli ya safaktanti ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kwa hiyo hukimbilia mpakani, kichwa kikabaki majini na mkia ukaelekea hewani au kwenye nta, na ile ngozi ikalegea. Safaktanti za kawaida zisizo na chaji hushusha mvutano mpaka kwenye milinewtoni 30 au zaidi kidogo, na zile za silikoni huushusha hadi karibu 20.

Sasa chukua jani la pili, uliwekee tone la mchanganyiko wako wa dawa kamili kama ulivyo kwenye pampu. Likitandaa, dawa yako tayari ina safaktanti ya kutosha ndani yake, kama zilivyo nyingi za mafuta ambazo hugeuka maziwa zikitiwa majini, na huna haja ya kununua kitu kingine. Likisimama kama shanga, endelea kusoma.

Matone yanaruka na kuanguka, na udongo chini ya mmea umelowa

Dalili hii huwadanganya watu kwa sababu tone la sirinji huwekwa taratibu, ilhali tone la nozeli hugonga jani kwa kasi. Likigonga linasambaa kama chapati, kisha mvutano wa uso unalivuta lirudi kuwa mviringo, na kama jani halikulishika katika milisekunde hizo chache, linaruka kama mpira. Ili kulithibitisha hili, tandika gazeti kavu au karatasi ya nailoni nyeusi chini ya kabeji tatu, nyunyizia kama ulivyozoea, kisha inama utazame. Ukiona matone mengi kwenye karatasi wakati majani yenyewe yana madoa machache tu, tone linaruka.

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa matone. Tone kubwa hubeba nguvu zaidi linapogonga, tena kila kipenyo kinapogawanywa nusu, tone moja hutoa manane. Nozeli iliyochakaa, ambayo tundu lake limeliwa na unga wa dawa msimu baada ya msimu, hutoa matone makubwa hata kama mkulima anapiga mkono wa pampu kwa bidii. Nozeli ya koni yenye uwazi katikati, ikiwa nzima na shinikizo likiwa thabiti, hutoa matone madogo yanayofaa mboga. Hata hivyo kuna mpaka: matone yaliyo chini ya maikromita 150 hivi hupeperushwa na upepo kwa urahisi, na katika nyanda za Mau Narok, ambako upepo wa alasiri hauna simile, dawa ya matone madogo mno huenda kwa jirani.

Sababu ya pili haijulikani sana. Safaktanti zote hazifiki kwenye uso wa tone kwa kasi moja. Tone linapozaliwa kwenye nozeli uso wake ni mpya, na kama molekuli za safaktanti ni nzito au chache, zitakuwa bado ziko njiani wakati tone linapogonga jani. Kwa hiyo tone lililotandaa vizuri chini ya sirinji linaweza kuruka shambani. Dawa ya tatizo hili si kumwaga safaktanti zaidi na zaidi. Iko kiwango ambacho kikipitwa molekuli za ziada hujikusanya zenyewe ndani ya maji katika vifundo viitwavyo miseli, na mvutano wa uso haushuki tena. Kinachosaidia ni kupunguza ukubwa wa matone, kusogeza nozeli kwenye umbali unaofaa badala ya kuichapa kabeji kwa karibu, na kufuata kipimo cha lebo. Kwa safaktanti nyingi zisizo na chaji, kipimo hicho huwa kati ya asilimia 0.1 na 0.25, yaani mililita 20 hadi 50 katika pampu ya lita 20. Zile za silikoni hutosheka na asilimia 0.05 hadi 0.1, yaani mililita 10 hadi 20. Kifuniko cha chupa ya soda hakipimi mililita. Sirinji ileile ya jaribio la kwanza ndiyo kipimo.

Vitunguu vinahitaji neno lao. Jani lake limesimama wima, ni mviringo na lina nta, kwa hiyo tone lina kila sababu ya kuanguka. Halafu vithiripi, wale wadudu wadogo mno wanaolengwa, wamejificha ndani kabisa, pale majani machanga yanapokutana shingoni. Kwenye zao hili kisambazaji kina kazi mbili: kulishika tone, kisha kuliacha lishuke polepole kwenye mkunjo huo. Ni mahali pekee ambapo mimi huona kuteremka kidogo kwa dawa kuwa faida.

Jani limelowa vizuri, lakini dawa inachuruzika kwenye ncha

Hapa ndipo wengi wanapotea baada ya kuanza kutumia safaktanti, tena wanapotea huku wakidhani wamefanikiwa. Kabeji inang'aa yote, hakuna shanga hata moja, na mkulima anarudi nyumbani ameridhika. Ukichunguza kwa karibu utaona ncha ya kila jani ina tone linaloning'inia, likianguka na kujazwa tena.

Jani linaweza kubeba kiasi fulani tu cha maji. Bila safaktanti linabeba kidogo kwa sababu matone yanaruka. Likipata safaktanti kwa maji ya kiasi linabeba mengi, tena yametandaa vizuri. Lakini ukiendelea kumwaga maji mengi kama ulivyozoea, matone yaliyotandaa hukutana, yanakuwa utando mmoja mwembamba, na utando huo huteleza kwa urahisi kuliko shanga zilivyofanya. Jani huishia kubaki na dawa pungufu ya ile ambayo lingebaki nayo kama ungesimama mapema. Kadiri kisambazaji kinavyokuwa na nguvu, ndivyo hatua hiyo ya kuchuruzika inavyofika mapema, na kwa safaktanti za silikoni inafika mapema sana.

Suluhisho ni kupunguza maji na kuongeza mwendo. Aliyekuwa akitumia pampu 15 za lita 20 kwa ekari ya kabeji, yaani lita 300, na ajaribu kushuka hatua kwa hatua hadi pampu 10 huku akiangalia ncha za majani. Anapoacha kuona matone yanayoning'inia na bado jani limefunikwa, amefika. Hapo lakini sharti asome lebo kwa makini. Kama kipimo cha dawa kimeandikwa kwa ekari au kwa hekta, kiasi hicho kinabaki palepale na kugawanywa katika pampu chache. Kama kimeandikwa kwa kila lita 20, kupunguza pampu kunapunguza dawa inayofika shambani, na haifai mtu ajipimie mwenyewe bila kumuuliza afisa wa kilimo au muuzaji mwenye ujuzi.

Umande hutoa dalili hiyohiyo kwa njia nyingine. Molo asubuhi saa moja kabeji tayari imebeba maji yake yenyewe, na dawa yoyote yenye kisambazaji inayoongezwa juu yake itaukusanya umande huo na kushuka nao chini. Ni heri kusubiri jani likauke, au kunyunyizia jioni mapema wakati jua limepungua makali. Adhuhuri yenye jua kali nayo ina kasoro kinyume: tone lililotandaa lina uso mpana, hukauka upesi, na dawa ya kupenya hubaki juu kama unga kabla haijaingia ndani.

Majani yameungua kando au yamepoteza rangi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na robo ekari ya kabeji Bahati, na duka la karibu lilikuwa limeishiwa na safaktanti. Nilichukua sabuni ya unga ya kufulia, nikakoroga vijiko viwili kwenye pampu, na ninakiri kwamba siku ile ilionekana kama akili nyingi: matone yalitandaa, viwavi walianguka. Siku ya nne nilikuta kingo za majani ya nje zimegeuka kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye jiko, na yale ya ndani yalikuwa yamepoteza ule weupe wa kibuluu, yakabaki ya kijani tupu yanayong'aa. Mvua iliyofuata, majani hayo yalishika maji kama kitambaa, na kwa kabeji hilo ni karibisho kwa magonjwa.

Kosa lilikuwa mara tatu. Sabuni ya kufulia imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, kwa hiyo huichubua nta yenyewe badala ya kuisaidia dawa kuikalia. Maji yake huwa na alkali nyingi. Tena vijiko havikupimwa, na kila tone lilipokuwa likikauka, sabuni ilizidi kuwa kali pale maji ya mwisho yanapokusanyika, yaani kwenye kingo na ncha. Sabuni ya mche nayo, ikikutana na maji yenye chokaa, hugeuka utando mweupe unaoziba chujio la pampu.

Hata safaktanti halali inaweza kuunguza ikioanishwa vibaya. Dawa za ukungu za kukinga, kama mankozebu na zile za shaba, zimetengenezwa zibaki juu ya jani na kuzuia mbegu za ukungu zisiote; ukizitia kipenyezi chenye nguvu unazisukuma ndani ya jani mahali ambapo hazikukusudiwa kufika, na kwa shaba hasa matokeo yake ni madoa ya kuungua. Dawa hizo zinahitaji kisambazaji chepesi au stika halisi. Mafuta na salfa havikai pamoja: baada ya kunyunyizia kimojawapo, subiri angalau wiki mbili kabla ya kutumia kingine. Vilevile mmea wenye kiu, ulionyauka kwa jua la Januari, huungua kwa urahisi kuliko uliomwagiliwa jana yake.

Kiungo kinachoisaidia dawa kupenya nta ya jani huisaidia pia kupenya ngozi ya mtu. Glavu, buti na kinga ya macho vivaliwe tangu wakati wa kuchanganya. Safaktanti za silikoni zimeonekana kudhuru nyuki hata zikiwa peke yake, kwa hiyo zisinyunyiziwe kwenye mimea iliyochanua.

Mvua imenyesha na dawa imetoweka

Kisumu na viunga vyake mvua ya alasiri huja na ngurumo bila kumsubiri mtu amalize pampu. Hapo mkulima anakimbilia "stika", na mara nyingi anapewa kisambazaji. Tofauti yake huonekana baada ya mvua. Kisambazaji ni kitu kinachoyeyuka majini. Kikishakauka juu ya jani hakiondoki, na mvua ikija hulowa tena na kusaidia kuichukua dawa ya juu na kuiteremsha. Kwa dawa ya kukinga, inayokaa nje ya jani, kisambazaji kikali bila stika kinaweza kuongeza kuoshwa kwa dawa badala ya kuzuia kuoshwa huko. Stika halisi, ambayo hutengenezwa kwa utomvu wa mpira au wa misonobari, hukauka kuwa utando unaoshikilia chembe za dawa.

Kwa dawa ya kupenya hali ni kinyume, kwani kinachotakiwa ni iingie ndani kabla ya mvua, na hapo kipenyezi kinafupisha muda wa hatari. Angalia saa ambazo lebo inataja kati ya kunyunyizia na mvua, kisha uanze kazi mapema vya kutosha. Kwenye sukuma wiki za kando ya Kisumu nimewaona watu wakinyunyizia saa nane mchana huku wingu limeshajikunja juu ya vilima vya Nandi. Hakuna chupa inayoweza kurekebisha hesabu hiyo.

Mchanganyiko uleule unafanya kazi shamba moja na kushindwa shamba jingine

Chunguza maji. Bonde la Ufa lina visima virefu vyenye maji yaliyojaa bikaboneti, na baadhi yake yana alkali nyingi. (Maji ya Ziwa Nakuru lenyewe, ambayo pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, huzidi 9, ni mfano wa mbali kabisa, wala sidhani kuna anayeyatia kwenye pampu.) Maji ya alkali huvunja baadhi ya dawa, malathioni ikiwa mojawapo, na huvunja pia safaktanti za silikoni, ambazo hudumu vizuri katika pH ya 6 hadi 8. Mchanganyiko wa silikoni uliolazwa kwenye pampu mpaka kesho yake huenda ukawa umepoteza uwezo wote wa kutandaa. Rudia jaribio la tone asubuhi kabla ya kuutumia. Likirudi kuwa shanga, umepata jibu. Karatasi za kupima pH si ghali, na zinakaa mfukoni.

Maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu, huishika glaifosati, dawa ya kuua magugu, na kuifanya isiingie kwenye magugu. Hili si tatizo la safaktanti, ingawa dalili yake, ndago zinazonyauka kidogo kisha kuinuka, humfanya mtu aongeze safaktanti. Kinachosaidia ni salfeti ya amonia iliyoyeyushwa kwenye maji kabla glaifosati haijatiwa. Bidhaa nyingi za glaifosati tayari zina safaktanti yake ndani, na ukizidisha unaweza kuliua jani upesi mno kabla halijaipeleka dawa mizizini, ndipo unapopata jani lililokauka juu ya kiazi cha ndago kilicho hai.

Upande wa Ahero, karibu na Kisumu, mto Nyando baada ya mvua hubeba udongo mwingi, na chembe za udongo wa mfinyanzi huinasa glaifosati papo hapo. Maji hayo yaachwe yatue kwenye pipa na yachotwe ya juu. Vumbi la barabara lililotanda juu ya majani hufanya kazi hiyohiyo ya kunasa dawa.

Tofauti nyingine kati ya shamba na shamba ni mmea wenyewe. Kabeji iliyokulia kiangazi hujijengea nta nzito kuliko iliyokulia katika mvua za Machi hadi Mei, na jani changa lina chembe za nta zilizosimama ilhali kuukuu limeshasuguliwa na upepo na mvua. Kipimo cha safaktanti kilichotosha mwezi wa Mei kinaweza kupungukiwa Februari, kwa mkulima yuleyule na dawa ileile. Ndiyo maana jaribio la tone hufanywa kila msimu.

Povu

Povu likijaa pampu, safaktanti imetiwa mapema au imekorogwa kwa nguvu. Jaza maji nusu, tia dawa za unga na chembechembe kwanza ukikoroga mpaka zichanganyike, kisha za maji mazito, kisha za mafuta, jaza maji karibu yote, halafu safaktanti iwe ya mwisho, ukoroge taratibu. Povu si uthibitisho kwamba safaktanti inafanya kazi, kama vile povu la sabuni lisivyothibitisha kwamba shati limetakata.

Vidukari wamebaki wazima katikati ya majani yaliyolowa

Vidukari wa kabeji na sukuma wiki wamejipaka unga wao wenyewe wa nta, ule wa kijivu unaowafanya waonekane kama wamenyunyiziwa majivu. Kwao tone hukataliwa mara mbili, na jani kisha na mdudu. Safaktanti husaidia dawa ya kugusa kuwalowesha, mradi ifike walipo, yaani chini ya jani na ndani ya mkunjo. Geuza ncha ya lansi, yaani ule mrija wa pampu unaoshika nozeli, itazame juu. Hakuna safaktanti inayoweza kulipeleka tone upande wa pili wa jani lililonyunyiziwa kwa juu tu.

Tone limetandaa, ncha hazichuruziki, maji ni mazuri, na viwavi bado wanakula

Ukifika hapa, kosa haliko tena kati ya tone na jani. Viwavi wa nondo wa kabeji, wale wadogo wa kijani wanaojinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi wakiguswa, ni miongoni mwa wadudu waliojenga usugu dhidi ya dawa nyingi, na kipimo kikubwa cha dawa ileile huwaacha hai wale wagumu zaidi. Weka alama kwenye kabeji 10 kwa kuzichomekea vijiti, hesabu viwavi walio hai chini ya majani kabla ya kunyunyizia, na uhesabu tena kwenye kabeji zilezile. Siku ya kuhesabu inategemea dawa. Ya kugusa hupimwa kesho yake. Ile ya bakteria wa Bacillus thuringiensis lazima iliwe pamoja na jani. Kiwavi huacha kula saa chache baadaye lakini huendelea kuonekana hai kwa siku mbili au tatu, kwa hiyo anayehesabu kesho yake ataitupa dawa nzuri. Badala ya kuhesabu maiti siku hiyo, tazama kinyesi: ukiyafuta majani machache jioni, na asubuhi usikute vile vipunje vya kijani vipya, viwavi hao wameshafunga vinywa.